Nimetoka Hai Ubavuni mwa Lori

Mimi ni mchuuzi wa samaki. Kwa miaka mingi riziki yangu imetoka soko la Feri, Magogoni, ikafungwa kwa mpira kwenye keria ya baiskeli na kufika Temeke, Tandika na Mtoni kabla jua halijawa kali. Leo mguu wangu wa kushoto una vyuma ndani, na ni mfupi kidogo kuliko wa kulia. Natoa ushuhuda huu kwa sababu bado nipo, alhamdulillahi, na kwa sababu wenzangu wengi wanaopanda baiskeli kila alfajiri hawalijui jambo ambalo mimi nimelijua kwa gharama kubwa: dereva wa lori anaweza kuwa macho, ana akili zake timamu, ana leseni na nia njema, na bado akakukanyaga bila kujua kama ulikuwapo.

Kwa asiyeijua njia yetu, nimweleze. Mnada wa Feri huanza kukiwa bado giza. Ukishanunua vibua wako, changu au kolekole, unawapanga kwenye boksi pamoja na barafu, unakaza mpira wa tyubu, unashika njia ya Kivukoni, unapita mjini hadi Bendera Tatu na kuingia Barabara ya Kilwa. Kuanzia hapo hadi Uhasibu, inapokutana na Barabara ya Mandela, uko mlangoni mwa bandari. Mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi inayoshushwa Dar es Salaam inapita huko: makontena, mafuta, ngano, mbolea. Shaba ya Zambia na Kongo nayo huja kutoka bara kwenda melini. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari lenye ekseli saba lifike tani 56 pamoja na mzigo wake. Mimi, baiskeli yangu ya Phoenix, samaki na barafu, hata tukipandishwa wote kwenye mizani, hatufiki kilo 200. Ndivyo tunavyogawana barabara.

Siku iliyonipata nilikuwa upande wangu wa kushoto, karibu na ukingo, kama sheria inavyotaka na kama nilivyofundishwa na walionitangulia katika kazi hii. Semi iliyobeba kontena la futi 40 ikanikuta kwa nyuma. Haikuwa na mbio. Kichwa kikanipita, nikabaki sambamba na tela, pua zangu zimejaa harufu ya grisi na mpira. Mbele kidogo, upande wa kushoto, palikuwa na lango la bandari kavu. Kichwa kikajivuta kulia, kuelekea katikati ya barabara, na nafasi ya upande wangu ikapanuka. Nilichoelewa ni kwamba nimepishwa. Kumbe dereva alikuwa anatafuta upana wa kuingilia langoni. Indiketa ya kichwani ilikuwa imeshanipita, ya nyuma ya tela ilikuwa nyuma yangu, na za ubavuni zilikuwa zimefunikwa na tope. Mbele ya macho yangu palikuwa na bati la kontena tu, na bati halisemi linaelekea wapi.

Kisha ule ukuta ukaanza kusogea. Hakukuwa na kishindo wala honi. Nafasi kati yangu na ukingo ilipungua polepole, kama mtu anayefunga mlango kwa utaratibu. Nilibana breki, lakini tela halikuwa linanijia kwa mbele, lilikuwa linanijia kwa ubavu. Nikaligonga bati kwa kiganja, tena na tena, huku nikipiga kelele. Masikioni mwangu mlio ule ulikuwa mkubwa. Kwa dereva, zaidi ya mita 10 mbele, na injini ikinguruma chini ya kiti chake, haukuwapo kabisa.

Baiskeli ndiyo iliyotangulia. Nilisikia spoku zikikatika moja moja, kisha fremu, kisha mguu wangu. Nilipolala pale chini niliwaona vibua wangu wametapakaa kwenye lami na barafu imemwagika kati yao, na watu wanalipiga gari makofi wakisema, "Simama! Simama, kuna mtu!" Semi ikasimama. Dereva akashuka akitetemeka. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, hakunuka pombe, hakuwa na simu mkononi. Akapiga magoti kando yangu akasema, "Mdogo wangu, sikukuona. Wallahi, sikukuona."

Neno lile liliniuma kuliko mguu.

Walionibeba walikuwa vijana wa bajaji na mama mmoja muuza uji aliyevua khanga yake akanifunga paja ili damu isiendelee kutoka. Hadi leo namwombea dua mama yule. Ikatafutwa fomu ya PF3 polisi, nikafikishwa hospitali, na mguu ukaanza safari yake: kwanza kusafishwa, kisha vyuma vya nje vilivyochomoza kwenye ngozi, kisha upasuaji wa kuweka vyuma vya ndani, kisha kidonda kilichokataa kufunga. Daktari alituambia kuna wakati walifikiria kuukata. Mke wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Hakulia. Aliuliza tu, "Daktari, tusubiri hadi lini ndipo tujue?" Nikajua nimeoa mtu.

Nyumbani mambo yalikwenda kombo kama yanavyokwenda kwa kila mtu anayekula kwa siku. Mchuuzi hana likizo ya ugonjwa. Mtaji wa samaki uliliwa kwenye dawa na nauli za kwenda kunitazama. Mwenye nyumba alivumilia, kisha akachoka. Watoto walihamia kwa bibi yao kwa muda. Mama watoto akaanza kukaanga vitumbua mbele ya mlango tangu saa kumi na moja alfajiri, na baadaye akachukua mkopo wa kikoba ili aongeze maharage na chapati. Wachuuzi wenzangu wa Feri walipitisha kofia zaidi ya mara moja. Kuna waliotoa shilingi 500 na najua hawakuwa na nyingine. Bima ya lori, ile ya mtu wa tatu ambayo kila gari linalazimika kuwa nayo, ililipa mwishowe, baada ya nenda rudi nyingi za barua, vyeti na mihuri. Zilipofika zile pesa zilipita mikononi mwangu moja kwa moja kwenda kwa wanaonidai.

Lakini mzigo mzito kuliko yote ulikuwa hasira. Usiku, mguu ukiwa juu ya mto, nilimsikia yule dereva akisema "sikukuona". Nilijibizana naye gizani. Hukuniona vipi? Mtu mzima, juu ya baiskeli, na boksi jeupe nyuma yake, mchana kweupe? Niliamini kwamba neno lile ni kisingizio cha kila anayemgonga maskini. Waliokuja kunijulia hali walinifariji kwa kusema ni mipango ya Mungu. Mimi ni muumini na siwezi kupinga hilo. Ila kontena halikuletwa pale na malaika. Lililetwa na mtu aliyeshika usukani, na mimi nilitaka kujua mtu huyo alikuwa anatazama wapi.

Jibu lilikuja kupitia jirani. Mtaani kwetu kuna dereva wa semi wa siku nyingi, mtu wa safari za Tunduma na Lubumbashi, ambaye akirudi hukaa wiki nzima barazani akicheza bao. Alikuwa akinitembelea na kuniletea matunda. Siku moja, nikiwa nimeanza kutembelea magongo, nilimmwagia hasira zangu.

"Mzee, wewe ni dereva. Niambie ukweli. Mtu anaweza kumpita mwenzake na kichwa cha gari, halafu aseme hakumwona?"

Alinyamaza, akasogeza kete, kisha akasema, "Mdogo wangu, maneno hayatakutosha. Pona vizuri kidogo, nitakuja kukuchukua."

Akatimiza ahadi. Alinipeleka kwenye yadi wanakoegesha malori, akanisaidia kupanda ngazi za kabini hatua moja baada ya nyingine, na kunikalisha kwenye kiti cha dereva. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni urefu. Macho yangu yalikuwa juu kuliko paa la Hiace. Niliona mbali sana: ukuta wa yadi, barabara ng'ambo yake, hadi juu ya mapaa ya nyumba. Nikasema moyoni, huyu anayeona yote haya alishindwaje kuniona mimi?

Mzee akachukua baiskeli ya mlinzi, akaanza kulizunguka gari nayo. Alisimama mbele kabisa, karibu na bampa. Hakuonekana. Akainua mkono, nikaona vidole tu. Akaenda mlango wa kushoto, akasimama usawa wa tairi la mbele, mahali hasa ambapo sisi hujibanza tukisubiri foleni isogee. Nilitazama kioo cha pembeni, nikatazama dirisha, nikanyoosha shingo. Patupu. Hapo nilikuwa mimi ninayemtafuta kwa makusudi, gari limezimwa, hakuna honi nyuma yangu, hakuna trafiki mbele. Akarudi nyuma ya tela, akapotea moja kwa moja. Upande wa kulia, ulio karibu na dereva, alionekana vizuri zaidi, ingawa hata huko kulikuwa na mahali akijisogeza karibu na bodi anamezwa.

"Umeona?" akaniuliza kutoka chini.

"Nimeona kwamba sioni," nikamjibu, na sikuwa natania.

Kisha akanionyesha la pili, na hili ndilo lililonitoa machozi. Alipanga makopo matupu ya rangi kwenye mstari, umbali wa kutosha kutoka ubavu wa gari, akaniambia nishuke nisimame mbali. Akawasha gari, akajivuta kidogo kulia, kisha akakata kona kushoto kwa mwendo wa kobe. Kichwa kiliyapita makopo bila kuligusa hata moja. Tairi za mbele zilikuwa mbali nayo kabisa. Halafu tela likafuata, na matairi yake ya nyuma hayakupita zilipopita za mbele. Yalikata ndani. Yakalifikia kopo la kwanza, likalala. La pili, likabonyea. Hadi mwisho wa mstari. Makopo yalikuwa yanalia sauti moja ndogo kila moja, pa, pa, pa. Mzee akiwa kabini hakusikia kitu. Alitoa kichwa dirishani akauliza, "Yamebaki mangapi?"

Nilikaa kwenye tairi kuukuu nikalia. Nilikuwa nimeona ajali yangu kutoka nje. Dereva yule mwenye mvi hakuwa amenidanganya. Na hilo halikumwondolea wajibu wake, maana anayejua haoni upande mmoja inampasa autazame mara mbili, apunguze mwendo, na kuwa na mtu wa kumwangalizia. Jirani yangu alisema hivyo mwenyewe: "Utingo ndiye jicho langu la kushoto. Tajiri anayeondoa utingo ili kubana matumizi ameninyang'anya jicho." Lakini hasira yangu ilipoteza mahali pa kukaa. Badala yake nikabaki na swali jingine: ni wangapi pale Feri wanajua hili?

Niliporudi sokoni, kwanza kwa magongo na baadaye kwa fimbo, nilianza kuuliza. Wachuuzi wa samaki, wauza madafu wanaosukuma baiskeli zilizojaa hadi usukani hauonekani, wasambaza mikate, wabeba mkaa, vijana wa shule. Wengi waliamini kile nilichokuwa nikiamini mimi: lori ni kubwa, liko juu, basi dereva wake anaona kila kitu. Wengine waliniambia, "Ajali imekutia woga." Mmoja alisema, "Barabara ni ya wote, kwa nini nimpishe?" Nikamwambia ni kweli ni ya wote, na haki ni yako. Mimi haki ilikuwa yangu. Polisi waliandika hivyo, bima ikakubali hivyo, na karatasi ninazo. Haki ile ilinisaidia kulipa madeni. Mguu haikuurefusha.

Tangu hapo, jirani akiwa mjini na mwenye yadi akiridhia, tunawapeleka wenzangu wachache wachache wakakae kwenye kiti kile. Hatuna shirika wala vitabu. Tuna lori lililosimama, baiskeli na makopo. Binti yangu ndiye aliyenisomea siku moja kwamba polisi wa London wamefanya jambo kama hilo kwa miaka mingi, kuwapandisha waendesha baiskeli kwenye kiti cha dereva wa lori ili waone kwa macho yao. Jiji lile limeenda mbali zaidi. Tangu 2021 lori la zaidi ya tani 12 haliruhusiwi kuingia bila kibali kinachopima kwa nyota dereva anaona kiasi gani kupitia madirisha yake, na mwaka 2024 kiwango kilipandishwa kutoka nyota 1 hadi 3. Lisilofikia hufungwa kamera na vitambuzi vya ubavuni. Nilifurahi kusikia. Kumbe kinachotusumbua hapa Dar es Salaam kinawasumbua watu wenye barabara nzuri kuliko zetu.

Sasa niwaambie wanaopanda baiskeli yale ninayowaambia wenzangu pale sokoni.

Usipenye kushoto kwa lori lililosimama kwenye taa, kwenye foleni au mlangoni mwa yadi, hata nafasi iwe pana namna gani. Kaa nyuma yake, mbali kiasi cha kuona vioo vyake vyote viwili. Usipokiona kioo chake, yeye hakuoni. Ukikiona, bado si hakika kwamba anakitazama.

Lori refu likijivuta kulia ghafla karibu na njia panda au lango, lisubiri. Mara nyingi linajiandaa kukata kushoto, na ile nafasi iliyofunguka ndiyo itakayofungwa na tela. Likikupita na kukuacha ubavuni mwake, acha kupiga pedali, lipite lote hadi taa za nyuma. Kama kuna mahali pa kupanda pembeni, panda. Samaki hawaozi kwa dakika moja.

Tazama usukani uko upande gani. Kongo, Rwanda na Burundi wanaendesha kulia, kwa hiyo baadhi ya malori yanayotoka huko, na baadhi ya magari yanayovushwa kwenda huko, usukani wake uko kushoto. Dereva wa gari kama hilo ana upofu mkubwa upande wa kulia, na akitaka kuovateki ni lazima atoe pua ya gari ndipo aone anayekuja mbele yake. Anayekuja huenda ni wewe.

Ukiwa barabara kuu nje ya mji, jua upepo wa lori ni mzigo mwingine. Likikupita kwa kasi kwanza unasukumwa, kisha unavutwa kuelekea kwake. Ukilisikia, shika usukani kwa mikono miwili, weka mwili chini, usitazame nyuma maana baiskeli hufuata macho. Sheria inataka magari mazito yasizidi kilomita 80 kwa saa. Hata kwa mwendo huo halali, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva akikuona umbali wa mita 40, kabla mguu wake haujafika kwenye breki na upepo wa breki haujafika kwenye matairi, nusu ya umbali huo imekwisha au zaidi. Usitegemee breki zake.

Usiku, hatari nyingine ni lori lililoharibika na kuachwa barabarani. Mara nyingi alama yake ni matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami. Ukiona majani barabarani gizani, shuka, tembea. Na wewe mwenyewe uonekane. Reflekta ya nyuma na ya kwenye pedali, taa hata ya kufunga kwa mpira, nguo nyeupe. Mzigo usifunike reflekta. Wauza madafu na wabeba mkaa hapa nawasema hasa, maana mzigo wenu hufunika kila kitu kinachong'aa.

Hayo ni ya kwetu. Lakini ningekuwa mdhalimu kama ningewaachia wenye baiskeli mzigo wote. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, yaani watu wasio na bati la kuwakinga. Watu hawa hawataokolewa na tahadhari yao peke yake. Mwenye lori anaweza kufunga kioo cha ziada cha mbinuko upande wa kushoto na kingine kinachotazama chini ya bampa. Anaweza kufunga vizuizi vya ubavuni kati ya tairi za mbele na za nyuma, vile vinavyomsukuma mtu nje badala ya kumwacha aingie chini. Ulaya vizuizi hivyo vimekuwa lazima kwa miaka mingi. Fundi wa kuchomelea pale Gerezani anaweza kuvitengeneza kwa mabomba ya kawaida. Laiti tela lile lingekuwa navyo, ningeanguka na kuchubuka, na ushuhuda huu usingekuwapo.

Wanaosimamia barabara nao nawaomba. Barabara ya Morogoro ilipojengewa mabasi ya mwendokasi iliwekewa na njia ya watembea kwa miguu na baiskeli, na hilo ni jambo jema. Ila njia ya baiskeli iliyojaa meza za biashara, bodaboda na magari yaliyoegeshwa inamrudisha mwenye baiskeli kule kule ubavuni mwa lori. Na kwenye milango ya bandari kavu na yadi, panapokata magari marefu siku nzima, pawekwe mtu wa kuongoza. Mshahara wa mtu mmoja mwenye kibendera hauzidi gharama ya mguu mmoja.

Kwa madereva nina neno moja. Mimi simchukii yule aliyenigonga. Alikuja kuniona hospitali mara mbili, amebeba sukari na sabuni, akakaa kwenye kiti bila kujua aseme nini, na mimi wakati ule sikutaka hata kumtazama. Tulisameheana baadaye, kwa simu. Aliniambia siku hizi hakati kushoto kabla utingo hajashuka. Wewe unayesoma haya na unaendesha gari refu, usingoje umgonge mtu ndipo umshushe utingo.

Nimerudi Feri. Sipandi tena baiskeli yenye mzigo. Nanunua mnadani, kijana ananisambazia, naye nimemkalisha kwenye kiti cha lori kabla sijamkabidhi boksi. Nakuomba nawe ufanye hivyo kwa mtu wako. Kama una mwanao anayekwenda shule kwa baiskeli, au mfanyakazi unayemtuma, tafuta dereva mnayefahamiana, omba dakika chache lori likiwa limesimama, mpandishe, halafu wewe simama na baiskeli ubavuni kushoto. Mwulize kama anakuona. Akijibu hakuoni, mwambie asikae hapo maisha yake yote.